Msiri, Mfalme wa Bunkeya, na Marafiki Wake

Ye yote asafiriye kutoka Lubumbashi hata Likasi, akaendelea mbele kuelekea kaskazini, mwishowe hufika Bunkeya, katika nchi ambayo siku hizi imo jimboni Lualaba. Hapo palikuwa na mji mkuu wa Mwami Msiri. Wazee wetu walimwogopa, wengine walimsifu, na jina lake halijasahauliwa mpaka leo. Katika mafundisho ya Biblia tumekwisha kusoma habari za wafalme wa Yuda na Israeli, jinsi walivyofanya mapatano na watu wasiomcha Mungu, na yaliyowapata. Wengi wenu mliniuliza kama mambo hayo ni ya Wayahudi wa kale tu. Nami naona vema niwasimulieni maisha ya mtu wa nchi yetu wenyewe, kisha mpime ninyi.

Jina lake la kuzaliwa ni Ngelengwa. Alizaliwa yapata mwaka 1830 katika nchi ya Wasumbwa, upande wa magharibi wa Unyamwezi, mbali ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanya biashara. Alikuja Katanga mara nyingi kununua shaba, kwa maana wahunzi wa huku waliyeyusha mawe ya shaba tangu zamani za kale, wakaifanya kuwa misalaba, nayo misalaba hiyo ilipita mikono mingi, ikafika mbali. Kalasa alifanya urafiki na watawala wa huku, akapokewa vizuri. Alipochoka kwa safari, mwanawe akaja mahali pake.

Ngelengwa alifika Katanga kati ya mwaka 1850 na 1860, akiwa na watu wachache. Hakuja na jeshi. Alikuja na vitu vya biashara, na bunduki chache za gobore. Watu wake waliitwa Wayeke, nalo ni jina la wawindaji wa tembo huko kwao. Wakaomba mahali pa kukaa, wakapewa. Hapo tuangalie vizuri, maana mambo yote ya baadaye yalianzia hapo.

Siku zile watawala wa Wasanga walisumbuliwa na Waluba, waliokuja kutoka kaskazini kuwapiga na kuwanyang'anya. Mgeni huyu mwenye bunduki akaonekana kuwa msaada mkubwa. Wakamwomba awasaidie, naye akawasaidia. Mlio wa bunduki ukawatisha adui, wakakimbia. Wasanga wakafurahi sana, wakampa mgeni wao heshima na nchi. Husimuliwa kwamba mtawala mmoja mzee, alipokaribia kufa, alimkabidhi hata lile kombe jeupe la bahari lililovaliwa na watawala kama alama ya ukubwa. Hivyo mgeni akawa rafiki, rafiki akawa mlinzi, na mlinzi akawa bwana. Hakuna siku moja ambayo mtu angeweza kuionyesha kwa kidole akisema kwamba siku hiyo ndipo tulipotawaliwa.

Mnamkumbuka mfalme Ahazi wa Yuda. Wafalme wawili jirani walipomjia kwa vita, moyo wake ulitetemeka kama miti ya msitu ipigwapo na upepo. Nabii Isaya alimwendea, akamwonya atulie na kumtegemea Bwana. Ahazi hakutaka. Alituma wajumbe kwa mfalme wa Asuri, akajiita mtumishi wake na mwana wake, akachukua fedha na dhahabu ya nyumba ya Mungu, akampelekea kuwa zawadi. Mwasuri akaja kweli, akawapiga wale majirani. Lakini tangu siku hiyo Yuda ikawa chini ya mkono wake, na Ahazi akafika hata kujenga altare ya kigeni ndani ya hekalu, kwa kufuata mfano alioupenda huko Damasko. Wasanga hawakuwa na Isaya wa kuwaonya. Ahazi alikuwa naye. Kwa sababu hiyo siwezi kuwahukumu sawasawa na Ahazi, ingawa njia waliyopita ni moja.

Basi Ngelengwa akatawala. Ndipo akaitwa Msiri, au Mushidi kama wasemavyo Wasanga, na wengi hulieleza jina hilo kuwa ni udongo, yaani nchi yenyewe. Akaacha kumpelekea kodi Kazembe wa Luapula, ambaye watawala wa Katanga walikuwa chini yake. Akaeneza ufalme wake, ulioitwa Garenganze, kati ya Lualaba na Luapula. Alishika machimbo ya shaba, alishika chumvi ya Mwashya, alishika pembe za tembo. Nasikitika kuandika kwamba alishika pia watu. Misafara ya watumwa ilitoka Bunkeya kwa njia mbili: moja ikaenda mashariki kupita Unyamwezi hata pwani ya bahari ya Hindi, nyingine ikaenda magharibi kupita Bihe hata Benguela, katika Angola. Huko na huko zilirudi nguo, shanga, bunduki na baruti.

Baruti ndiyo iliyokuwa moyo wa ufalme ule. Watu wake walikuwa wachache katikati ya makabila mengi, na pasipo baruti wasingeweza kuwatawala. Ili apate baruti, ilimpasa awe na marafiki mashariki na magharibi. Na ili awe na marafiki, ilimpasa awape pembe na watumwa. Na ili awapate watumwa, ilimpasa apige vita, na kwa vita ilimpasa kuwa na baruti. Ni kama mtu akopaye leo ili alipe deni la jana. Kila mwaka deni lakua.

Msiri alikuwa na akili nyingi. Alijua kwamba mapatano ya maneno tu hukatika upesi, kwa hiyo aliyafunga kwa ndoa. Wake zake walikuwa mamia, tena wengi wao walikuwa binti za watawala aliowashinda au aliotaka kuwashika. Kila mke alikuwa kama kamba iliyofungwa katika kijiji fulani. Kwa upande wa Angola alimwoa mwanamke jina lake Maria de Fonseca, wa damu ya Kireno na Kiafrika, ndugu wa Coimbra, mfanya biashara wa Bihe aliyemletea bunduki na baruti. Mwanamke huyo alikuwa na jina la Mama wa Bwana wetu, nao watu wa ukoo wake walijiita wakristu. Lakini aliletwa Bunkeya ili biashara ya baruti na ya watumwa isikatike. Mimi nionapo jina lile Maria katika habari hii, naona aibu, nisijue nimwonee aibu nani: yeye, au waliomtoa.

Hapo ndipo ninapomkumbuka mfalme Yosafati, naye nataka kukaa kwake kidogo, maana wengi hudhani kwamba mapatano mabaya hufanywa na watu wabaya tu.

Yosafati wa Yuda alikuwa mtu mwema. Alimpenda Mungu kwa moyo wote. Tena alifanya jambo ambalo sisi walimu wa dini hatuwezi kulisahau: alituma wakubwa wake pamoja na Walawi na makuhani wazunguke katika miji yote ya Yuda, wakiwa na kitabu cha Sheria, wakawafundishe watu. Kwa namna fulani hao walikuwa makatekista, miaka zaidi ya 800 kabla ya Bwana wetu kuzaliwa. Mungu akambariki, akawa na mali nyingi na heshima. Naye alipokuwa na kila kitu, pasipo haja, akafanya ukwe na Ahabu mfalme wa Israeli, mume wa Yezabeli, waliowaua manabii wa Bwana na kumwabudu Baali. Mwanawe Yoramu alimwoa Atalia, wa nyumba ile ya Ahabu.

Baada ya miaka michache Yosafati akaenda Samaria kuwatembelea wakwe. Ahabu akachinja kondoo na ng'ombe wengi kwa ajili yake na watu wake. Baada ya karamu, Ahabu akamwomba aende naye vitani Ramothi ya Gileadi. Mtu aliyekwisha kula nyama ya mwenzake atakataaje? Yosafati akakubali kwanza, ndipo akaomba waulizwe manabii. Manabii 400 wa Ahabu wakasema nendeni. Mikaya peke yake akasema kweli, akapigwa shavuni na kutiwa gerezani. Yosafati aliyasikia yote, akanyamaza, akaenda vitani. Ahabu akajigeuza asitambulikane, akamwacha Yosafati avae mavazi yake ya kifalme. Adui walipomwona, wakamdhani ndiye Ahabu, wakamzunguka pande zote. Akalia, na Bwana akamsaidia, nao wakageuka. Lakini askari mmoja alivuta upinde bila kumlenga mtu, na mshale ukampata Ahabu katika maungo ya deraya. Jioni akafa.

Yosafati alirudi nyumbani salama, akakemewa na nabii Yehu. Hata hivyo baadaye alishirikiana tena na mwana wa Ahabu kutengeneza merikebu, nazo zikavunjika kabla ya kusafiri. Na ukwe ule ulibaki. Alipokufa, mwanawe Yoramu aliwaua ndugu zake wote. Baadaye Atalia akaua wazao wote wa kifalme aliowapata, hata wajukuu wake, ili atawale yeye. Mtoto mmoja tu, Yoasi, alifichwa hekaluni miaka 6. Ukoo wa Daudi, ambamo ilimpasa Masiya azaliwe, ulibakiwa na mtoto mmoja mchanga mikononi mwa shangazi yake. Hayo yote yalitoka katika arusi moja iliyoonekana kuwa nzuri, pengine ilichezewa ngoma na kusifiwa na watu wote kwamba imeleta amani kati ya ndugu.

Turudi Bunkeya.

Mji ulikua sana, ukawa na maelfu ya watu. Wafanya biashara wa pwani walikuwa na makao yao humo, na watu wa Angola pia. Wageni waliofika waliona mafuvu ya watu yametundikwa juu ya miti ya boma. Hawakuacha kuandika habari hiyo, na wengine waliitumia baadaye kuwa sababu ya kumwondoa Msiri, kana kwamba wao walikuja kwa ajili ya mafuvu na si kwa ajili ya shaba.

Mwezi wa pili mwaka 1886 alifika Bunkeya mtu mmoja wa Skoti, Frederick Stanley Arnot, mhubiri wa Kiprotestanti. Alikuja kwa njia ya Benguela, hana bunduki nyingi, hana biashara. Msiri alimngojesha kwanza, waganga wampime kama moyo wake ni mweupe. Kisha akampokea kwa mapendo. Arnot na wenzake waliomfuata, Swan, Faulknor na Crawford, walikaa kwa uvumilivu, wakatunza wagonjwa na watoto waliookolewa katika utumwa. Ijapokuwa si wa Kanisa letu, haki yataka tuseme kwamba hao hawakumwomba Msiri nchi wala pembe. Ni wao pekee katika wageni wake wote waliomletea Injili, wasitake malipo.

Naye Msiri aliwafanyaje? Aliwapenda, akawaita Wazungu wake, akawatumia kumwandikia barua. Kuwapo kwao kulimpa heshima mbele ya wageni wengine. Lakini neno walilolileta hakulichukua. Hakuacha watumwa, hakuacha vita. Alitaka wajumbe wa Mungu kama alivyotaka watu wa Bihe, yaani kama marafiki wa faida. Kila niisomapo sehemu hii nawakumbuka wale wanaokuja misioni kujiandikisha kwa sababu ya shule ya watoto au kwa sababu ya kazi. Hatuwafukuzi. Bwana wetu naye alifuatwa na wengi waliotaka mikate. Lakini Msiri alikaa na watu wenye Injili karibu miaka 6, akafa asiwe hata mkatekumeni.

Siku hizo mambo makubwa yalitendeka mbali. Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alijitangaza mwenye Kongo, na katika ramani yake Katanga ilikuwa ndani. Msiri hakuulizwa. Kwa upande wa kusini Cecil Rhodes na kampuni yake ya Kiingereza waliitamani shaba ile ile. Mwishoni mwa mwaka 1890 akaja Alfred Sharpe, mjumbe wa Waingereza, akitaka Msiri atie alama katika karatasi. Msiri akakataa, akamrudisha. Mwaka 1891, mwezi wa nne, akaja Paul Le Marinel kwa jina la Leopold. Msiri akamtendea vizuri, asimpe nchi, lakini Wabelgiji wakaachwa wajenge kituo kwenye mto Lofoi. Mwezi wa kumi akaja Alexandre Delcommune, akaomba bendera ya Leopold ipandishwe. Msiri akakataa tena.

Kwa nini alikuwa akisita hivyo, mtu aliyezoea kuamua upesi? Kwa sababu nguvu zake zilikuwa zikiisha. Mwaka 1890 Wareno walipiga vita huko Bihe, na njia ya magharibi ikaharibika. Mashariki nako Wadachi na watu wa pwani walikuwa wamepigana. Baruti ikapungua. Wasanga, watoto wa wale waliomkaribisha, walikuwa wamechoka na ukatili na kodi, wakaasi. Wakavizia njia, wakachoma vijiji, na njaa ikaanza kuingia Bunkeya. Marafiki wote wa Msiri walikuwa marafiki wa baruti na pembe. Njia zilipofungwa, hakuna aliyeleta hata mfuko mmoja wa baruti kwa ajili ya mapendo.

Hapo mzee akafanya kama Ahazi. Aliyemkataa Sharpe sasa akamwandikia barua arudi, akitumaini kwamba Mwingereza atamlinda na Wabelgiji. Barua hiyo haikufika. Njiani ilikamatwa na msafara mwingine uliokuwa ukija, na aliyeukamata aliifungua, akaisoma.

Mwenye msafara huo aliitwa Kapiteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada na afisa wa jeshi la Kiingereza, ila alikuwa ameajiriwa na kampuni ya Katanga ili aitwae nchi kwa ajili ya Leopold. Fikirini jambo hilo: Mwingereza alitumwa na Mbelgiji kuwazuia Waingereza. Alikuwa na zaidi ya watu 300, askari na wapagazi, wengi wao wa Unguja na wa pwani, wenye kusema Kiswahili. Walitoka pwani, wakapita Unyamwezi, wakavuka ziwa Tanganyika. Ni karibu njia ile ile aliyopita kijana Ngelengwa zaidi ya miaka 30 iliyotangulia, na bunduki zake chache.

Stairs aliingia Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Mazungumzo yalidumu siku chache tu. Msiri aliwaza kwamba huyu naye ataweza kufungwa kwa undugu na zawadi, kama alivyowafunga wengine. Stairs hakutaka undugu, alitaka bendera. Tarehe 19 akaipandisha mwenyewe juu ya kilima, bila ruhusa ya mwenye nchi. Usiku Msiri akaondoka, akaenda kijiji cha Munema kilichokuwa karibu.

Asubuhi ya tarehe 20 Desemba Stairs akamtuma Kapiteni Omer Bodson, Mbelgiji, pamoja na askari kama 100, wakamlete Msiri kwa hiari au kwa nguvu. Bodson akaingia bomani na watu wachache. Msiri alikuwa amezungukwa na watu wake wenye bunduki. Walioandika habari za msafara ule wanasema kwamba upanga aliokuwa nao mkononi ni ule aliopewa na Stairs kuwa zawadi. Msiri akauinua, na Bodson akampiga risasi, akaanguka akafa. Papo hapo Masuka, mwana wa Msiri, akampiga Bodson, naye akafa siku ile ile. Kijiji kikashambuliwa, na watu wengi wakafa.

Kisha watu wa msafara wakamkata Msiri kichwa, wakakitundika juu ya mti ili watu waone. Walikuwa wameandika kwa kuchukizwa sana juu ya mafuvu ya Bunkeya, nao wakaongeza moja. Wakubwa wao walikuwa watu waliobatizwa utotoni. Ndugu wakatekumeni, sitawafichia jambo hilo, kwa maana mtalisikia kwa wengine, na ni afadhali mlisikie kwa katekista wenu. Ubatizo hauwi hirizi. Aliyebatizwa aweza kutumwa na mfalme mwenye tamaa ya shaba, akatenda kazi ya tamaa hiyo hata mwisho. Wayeke waliuzika mwili, nao wanasimulia hata leo kwamba kichwa kilichukuliwa, wala hakikurudishwa.

Wenye kushinda hawakukaa kwa raha. Njaa ilikuwa imeshika nchi, kwa maana mashamba hayakulimwa wakati wa vita. Wapagazi wengi wa Stairs walikufa kwa njaa na kuhara. Stairs mwenyewe aliugua, akafa kwa homa huko Chinde, penye mlango wa Zambezi, tarehe 9 Juni 1892, akiwa hajatimiza miaka 29. Watu wa Bunkeya walitawanyika. Wengine walimfuata Crawford, aliyejenga misioni yake Luanza kando ya ziwa Mweru mwaka 1894. Watu walimpa jina la Konga Vantu, yaani mwenye kukusanya watu.

Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri, alishika kiti cha baba yake, baada ya kupokea bendera ile ambayo baba alikufa kwa kuikataa. Nchi yake ilipunguzwa, ikabaki Bunkeya na jirani zake, na Wasanga wakafunguliwa katika utawala wa Wayeke. Naye, alipojiona dhaifu, akafanya nini? Akafanya urafiki na Serikali ya Leopold, watu wake wakaenda vitani pamoja na askari wake, wakawapiga Wasanga waliokuwa wameasi. Siku moja niliwasimulia watoto wa darasa la sita habari hiyo, nami nilitaka kupita upesi. Mtoto mmoja wa kike akanizuia, akauliza kama Mukanda-Bantu hakuwa amemwona baba yake. Nikamjibu kwamba alimwona. Akakaa, hakuuliza tena.

Mukanda-Bantu alikufa mwaka 1910. Katika mwaka huo huo ulianzishwa mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, na mapadre Wabenediktini wakapewa kazi ya kueneza Injili katika Katanga. Wako wa uzao wa Msiri waliobatizwa baadaye katika Kanisa letu. Mmoja wao, Mwami Antoine Munongo, alikusanya masimulizi ya wazee wa Kiyeke, akayatia kitabuni mwaka 1967.

Kila mwaka tarehe 20 Desemba Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka mfalme wao. Siku hiyo huangukia katika majuma ya Majilio, siku tano kabla ya Noeli, wakati tunapokuwa katika mazoezi ya nyimbo na mitihani ya mwisho ya wale watakaobatizwa. Mwaka huu nao wakatekumeni wawili wa kijiji chetu wameomba ruhusa ya kwenda huko kwa jamaa zao, nami nimewapa, ila warudi kabla ya tarehe 23, kwa maana Padri atawauliza wote katekisimu.